Unajua Mwisho Wake, Mbona Bado Unatazama?

"Hii si uliitazama juzi?"

Mwenzangu wa chumbani aliuliza hivyo akiwa amesimama mlangoni na sufuria ya ugali mkononi. Mimi nilikuwa nimelala chali kitandani, simu kifuani, na kwenye simu Mzee Ojwang' alikuwa anajiandaa kumdanganya mtu. Ndiyo, nilikuwa nimeitazama juzi. Na wiki iliyotangulia. Na tukianza kuhesabu kutoka utotoni, hata sijui ni mara ngapi.

"Sasa unacheka nini na unajua vile itaisha?"

Nilimjibu ovyo tu, lakini swali lilibaki nami. Wakati huo nilikuwa wiki ya tatu nikitafuta virusi vya michirizi kahawia kwenye majani ya muhogo. Kila jioni niliweka geli kwenye mwanga wa urujuanimno nikitarajia kuona mistari, na kila jioni geli ilikuwa tupu. Hata ile sampuli ambayo tulijua fika ina virusi, ile ya kulinganishia, haikuonyesha kitu. Maana yake kosa lilikuwa langu, muhogo hauna makosa. Lakini kosa gani? Joto la mashine? Kemikali iliyoharibika wikendi ile stima ilipopotea? Mkono wangu? Kila asubuhi nilibadilisha kitu kimoja, nikangoja hadi jioni, nikakuta utupu uleule. Halafu narudi hosteli, natafuta kipindi cha zamani cha Vitimbi kwenye YouTube, na kabla dakika kumi hazijaisha mabega yameshuka.

Kwa hivyo leo tuache muhogo kidogo, tuulize: kitu ambacho hakina jipya hata moja kinatuliza vipi?

Kwa wale waliozaliwa jana, Vitimbi ni kichekesho cha runinga kilichoanza miaka ya 1980, wakati shirika letu la utangazaji likiitwa bado Sauti ya Kenya, kabla halijawa KBC. Mzee Ojwang' Hatari aliigizwa na Benson Wanjau, na Mama Kayai na Mary Khavere. Wanjau alikuwa Mkikuyu, lakini Kiswahili cha Ojwang' kilikuwa na lafudhi ya Kijaluo nzito kiasi kwamba watu wengi walimaliza utoto wao bila kujua. Mpangilio wa hadithi haukuwa wa kuumiza kichwa. Mzee anapanga ujanja, ujanja unamrudia, Mama Kayai anajua tangu mwanzo.

Tuanze na hilo la kujua tangu mwanzo.

Mwaka 2016 watafiti wa University College London, Archy de Berker na wenzake, walichapisha jaribio ambalo kwa maoni yangu kila mwanafunzi wa uzamili anafaa kulisoma. Washiriki 45 walicheza mchezo wa kompyuta. Unaonyeshwa jiwe, unakisia kama chini yake kuna nyoka. Nyoka akiwepo, unapigwa shoti ya umeme mkononi, na si shoti ya mchezo, ni ya kuuma. Ujanja wa jaribio ni kwamba uwezekano wa kukuta nyoka ulikuwa unabadilikabadilika: kuna kipindi jiwe fulani lina nyoka karibu kila mara, kuna kipindi halina karibu kabisa, na kuna kipindi ni nusu kwa nusu. Watafiti walipima jasho la ngozi na upana wa mboni za macho, na pia wakawauliza watu wenyewe wanajisikiaje.

Ungedhani aliyesumbuka zaidi ni yule anayejua kwamba shoti inakuja. Hapana. Msongo ulifika kileleni pale mambo yalipokuwa nusu kwa nusu. Mtu aliyejua kwa hakika kwamba ataumia alikuwa ametulia kuliko yule ambaye huenda ataumia, huenda asiumie.

Nilisoma hayo nikaona maisha yangu ya maabara yameandikwa. Geli ingekuwa inatoa jibu baya kila siku ningelala vizuri zaidi. Kinachochosha ni lile jiwe ambalo hujui chini yake kuna nini.

Wanasayansi wengi wa ubongo siku hizi wanauelezea kama mashine ya kukisia. Haukai ukingoja dunia iuletee habari. Muda wote unatabiri: mguu utakanyaga wapi, sentensi hii itaishia vipi, huyu aliyekunja uso atasema nini. Utabiri ukikubaliana na kilichotokea, kazi ni ndogo. Ukikosea, lazima usimame, uangalie, usahihishe, na hiyo ni kazi. Siku nzima ya kukosea inaonekana usoni. Sasa ukifika jioni na kichwa cha namna hiyo, ukafungua tamthilia mpya, umejipa nini? Majina mapya ya kukariri, nia za watu za kuchunguza, na tishio kwamba yule unayempenda atakufa kipindi cha nne. Ukifungua Vitimbi uliyoitazama mara saba, kila utabiri unapita. Mama Kayai atasema vile atasema, mlango utafunguka pale unapofunguka. (Jaribio la nyoka lilihusu shoti, si vichekesho, daraja kati ya hayo mawili nimelijenga mimi, na ukiliona linayumba uko huru kuniambia.)

Lakini je, kujua mwisho hakuharibu utamu? Waulize bibi zetu. Paukwa, pakawa, kisha inakuja hadithi ileile ya Sungura na Fisi ambayo kila mtoto jikoni anaijua. Hakuna aliyewahi kuinuka akasema, "Bibi, hii tulishaisikia." Tena ukimruka bibi mahali, au bibi akibadilisha neno, watoto wenyewe wanamsahihisha. Mwaka 2011 Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa watu hadithi fupi wasome, zingine za upelelezi, zingine zenye mgeuko mwishoni. Wengine waliambiwa mwisho kabla ya kuanza. Kwa wastani, walioambiwa mwisho ndio waliofurahia hadithi zaidi kidogo. Majaribio ya baadaye hayakukubaliana yote, mengine yamepata kinyume, kwa hivyo usiende kumwambia rafiki yako mwisho wa filamu halafu useme mimi ndiye niliyekutuma. Ila inatosha kutuonyesha kwamba mshangao ni kiungo kimoja tu cha hadithi.

Na hata pale mshangao umekwisha, kitu kingine kinachukua nafasi yake. Valorie Salimpoor na wenzake huko Montreal walichunguza ubongo wa watu waliokuwa wanasikiliza muziki wanaoupenda sana, ule wa kusisimua mwili mpaka vinyweleo vinasimama. Matokeo yao ya 2011 yalionyesha kwamba dopamini ilimwagwa mara mbili, katika sehemu mbili tofauti za ubongo: pale kilele kinapofika, na kabla yake, wakati msikilizaji anajua kinakuja. Muziki si kichekesho, lakini jichunguze mwenyewe. Kwenye kipindi unachokijua, unaanza kucheka wapi? Mimi hucheka kabla. Mzee Ojwang' akishaingia tu na ile sura yake ya mtu aliyepata wazo, nimeanza.

Kuna pia suala la kuzoea lenyewe, na hapa siwezi kuacha kisa cha mfuko mweusi. Mwaka 1967, kwenye Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon kule Marekani, mwanafunzi mmoja alikuwa akihudhuria darasa akiwa amejifunika mfuko mkubwa mweusi, miguu tu ndiyo inaonekana. Hasemi, anakaa nyuma. Mwalimu alijua ni nani, wanafunzi hawakujua. Mwanzoni walimchukia. Baadaye wakaanza kumwonea hamu ya kumjua, na mwishowe wakawa marafiki wa mfuko. Hakuna alichofanya zaidi ya kuendelea kuwepo. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alikitaja kisa hicho katika makala yake maarufu ya 1968, kisha akaleta majaribio: aliwaonyesha watu alama zinazofanana na herufi za Kichina, maneno ya kubuni, na picha za nyuso za wageni, vingine mara moja, vingine mara 25. Kadiri walivyokiona kitu mara nyingi ndivyo walivyokiona kizuri, ingawa hawakuwa wanajua maana yake. Kuona tu, basi.

Haya, lakini mfuko mweusi hauelezi kwa nini nachagua Ojwang' na si tangazo la sabuni ambalo nimeliona mara elfu. Hapo ndipo lazima nirudi nyumbani.

Tulikuwa na Great Wall ndogo, nyeusi na nyeupe, iliyokula betri ya gari. Betri ilipelekwa kuchajiwa sokoni kwa baiskeli, kwa hivyo kila dakika ya picha ilikuwa na bei. Baba alikuwa mkali: hakuna kuwasha mapema, matangazo mnazima sauti (sijui sauti ilikula nini, lakini ndivyo alivyoamini), na taarifa ya habari inaweza kukatwa ili Vitimbi ipatikane. Majirani walikuja na viti vyao. Watoto chini kwenye mkeka, akina mama nyuma karibu na mlango. Betri ikianza kufa, picha ilikuwa inajikunja polepole kutoka pembeni, mpaka Mzee Ojwang' anabaki wa ukubwa wa kiberiti katikati ya kioo cheusi, na sisi tunasogea. Tunasogea, tunacheka. Kuna siku tulicheka giza, sauti ikiwa imebaki peke yake.

Robert Provine, aliyetumia miaka mingi kuchunguza kicheko, aliwapa wanafunzi madaftari waandike wanacheka lini. Walicheka karibu mara 30 zaidi wakiwa na watu kuliko wakiwa peke yao, ukiondoa runinga, redio na vitabu. Alichosisitiza ni kwamba kicheko ni mambo ya watu na watu kuliko ni mambo ya utani; mengi ya maneno yanayotangulia kicheko hayachekeshi hata kidogo ukiyaandika. Tazama pia neno hilo, "ukiondoa runinga". Provine aliiondoa kwa sababu mtu aliye peke yake mbele ya runinga hayuko peke yake kabisa.

Hilo lilishaandikwa mwaka 1956 na Donald Horton na Richard Wohl, runinga ikiwa bado changa. Walieleza kwamba watazamaji hujenga na watu wa kwenye kioo aina ya urafiki wa upande mmoja: unamjua, unajua atakavyojibu, umemkaribisha sebuleni kwako kila wiki, naye hana habari kwamba uko duniani. Si wazimu. Sehemu za akili zinazosoma uso na sauti zilikuwepo muda mrefu kabla ya runinga, na hakuna aliyezieleza tofauti.

Wanjau alifariki Julai 2015. Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni, na habari ziliingia kupitia redio ya mpishi. Mimi na mvulana mwingine tulisimama pale na sahani zetu. Mpishi alizima redio, akafuta macho kwa aproni, akatupakulia githeri bila kusema kitu. Hakuna kati yetu watatu aliyewahi kukutana na yule mzee. Mwalimu wa zamu alitukuta tumesimama akauliza kama kuna aliyefiwa, na hatukujua tumjibu nini.

Sasa unganisha hayo na jaribio la Jaye Derrick, Shira Gabriel na Kurt Hugenberg, la 2009. Walikuwa na swali moja: je, kipindi ukipendacho kinaweza kukaa mahali pa watu? Waliwauliza watazamaji, nao wakasema wanakigeukia wakiwa wapweke na wakikitazama upweke unapungua. Hayo ni maneno tu, lakini walienda mbali zaidi. Waliwafanya washiriki wakumbuke na kuandika ugomvi na mtu wa karibu, jambo ambalo kwa kawaida huishusha hali ya moyo na hata namna mtu anavyojithamini. Waliopata nafasi ya kuandika kuhusu kipindi wanachokipenda hawakushuka. Walioandika kuhusu kutazama chochote kilichokuwa hewani hawakupata kinga hiyo. Kwa hivyo si runinga kama runinga. Ni wale watu wa mle ndani.

Miaka minne baadaye Derrick alirudi na jambo lililo karibu zaidi na hosteli yangu. Aliwapa watu kazi ya kuchosha akili: andika maelezo ya safari uliyofanya, lakini bila kutumia herufi A wala N. (Jaribu kwa Kiswahili uone. Utakwama kwenye neno la kwanza.) Waliochoka hivyo, walipoambiwa waandike kuhusu kipindi wanachopenda, waliandika kwa urefu zaidi kuliko wenzao waliopewa kazi nyepesi, na baada ya kuandika walionekana kurudishiwa nguvu. Katika sehemu nyingine aliwafuata watu kwa shajara za kila siku: siku za kazi nzito ndizo walizorudia hadithi walizokwisha kuzijua, na kitulizo kilitoka kwenye marudio, si kwenye vitu vipya. Maelezo yake: ndani ya dunia unayoijua unapata watu bila kulazimika kujizuia, kupima maneno, wala kuogopa kwamba utakataliwa.

Nilitaka sana kuishia hapo, nimwoneshe mwenzangu karatasi hiyo nimwambie, umeona? Ni tiba. Lakini kuna tatizo na lazima nilitaje. Jaribio hilo limesimama juu ya wazo kwamba nguvu ya kujizuia ni kama mafuta ya gari: ukiitumia asubuhi, jioni tangi liko chini. Mwaka 2016 maabara 23 zilirudia pamoja jaribio la msingi la wazo hilo, zikiwa na washiriki zaidi ya 2,000, na athari iliyoonekana ilikuwa karibu na sifuri. Mjadala haujafungwa. Haina maana kwamba hukuchoka. Ina maana kwamba maelezo ya tangi huenda si sahihi. Kati ya majaribio yote niliyotaja, mimi naweka uzito zaidi kwenye yale ya watu kuliko yale ya mafuta.

Na ni hayo ya watu ndiyo yalinishika shati. Wendi Gardner, Cynthia Pickett na Megan Knowles waliandika mwaka 2005 kuhusu kile wanachokiita vitafunio vya kijamii: picha ya mpenzi mezani, barua ya zamani, jumbe za simu unazozisoma tena. Vinazima njaa ya watu kwa muda. Neno lao ni zuri kwa sababu kila mtu anajua tabia ya mandazi. Saa kumi jioni, mandazi mawili na chai yanakufikisha kwenye ugali. Lakini pia yanaweza kukufanya usipike.

Nilipoanza kusoma mambo haya nilifungua simu nikaangalia. Vitimbi, kila usiku, wiki tatu. Simu kwa mama, hakuna. Yeye alikuwa amepiga mara nne na mimi nimeandika "niko lab, nitakupigia". Sikuwa nataka kupiga kwa sababu angeuliza muhogo unaendeleaje, na sikujua nimjibu nini. Mama mwenyewe ndiye aliyeng'oa shamba zima mwaka ule mizizi ilipooza kwa ugonjwa huohuo, ndiyo maana nasoma ninachosoma. Kumpigia kulikuwa ni kuinua jiwe. Mzee Ojwang' hakuulizi kitu. Huo ndio utamu wake, na nadhani ndio pia upungufu wake. Hata Derrick na wenzake hawakuwahi kudai kwamba kipindi kinakufanyia kile anachofanya mtu. Walionyesha kwamba kinazuia usishuke.

Sisemi uache. Mimi sijaacha. Kila ninapomaliza saa kumi na mbili za maabara bado natafuta kipindi cha zamani, na safari hii nikimjibu mwenzangu ninamjibu vizuri, mpaka yeye mwenyewe ameanza kusogeza kiti. Anacheka kwenye sehemu zisizo sahihi lakini atazoea, tumeona Zajonc.

Jumapili nilipiga. "Kwani umepotelea wapi, baba?" Nikamwambia ukweli, kwamba geli ni tupu, kwamba hata sampuli ya kulinganishia imekataa, kwamba huenda ni ile wikendi ya stima. Akanyamaza kidogo kisha akauliza kama friji ya chuo haina betri kama yetu. Nikacheka. Nikamwambia nimekuwa nikitazama Vitimbi usiku. Akauliza ipi. Nikaanza kumsimulia, Mzee ameingia, ameketi, amemwita Mama Kayai, na kabla sijafika popote yeye alikuwa ameshaanza kucheka, akawa ananisimulia kilichobaki, na siku ile jirani yetu alipoanguka na kiti chake, na baba alivyokataa kuwasha taa kwa ajili ya betri, mpaka kredo ikaisha.

Jumatatu nilifungua chupa mpya ya kimeng'enya.